Kutoa jeli si bure

Januari 2020, wiki ile ambayo kila mtu alikuwa anakimbizana na tarehe 20 asije akafungiwa laini ya simu, nilisimama kwenye foleni Sinza, Dar es Salaam, chini ya mwavuli wa kijana anayesajili kwa alama za vidole. Zamu yangu ilipofika nikabonyeza gumba la kushoto kwenye kile kimashine. Kikakataa. Akanipa tishu nifute jasho, nikafuta, kikakataa tena. Tukajaribu kidole cha shahada, tukajaribu cha kati, tukarudi kwenye gumba. Nyuma yangu watu wameshaanza kuguna. Yule kijana akaushika mkono wangu, akaugeuza kwenye mwanga, akaniuliza kwa upole kabisa, "Kaka, wewe ni fundi wa saruji?"

Nikamwambia napaka watu kucha. Foleni nzima ikaangua kicheko.

Laini ilikubali mwishowe kwa kidole cha mwisho cha mkono wa kulia. Kile kidole huwa hakifanyi kazi yoyote, ndiyo maana kilikuwa bado kizima. Vile vitatu vya kushoto vilikuwa vinang'aa kama plastiki, mistari imefutika, na pembeni mwa kucha ngozi imechanika vidonda vidogo vya kama wembe. Fundi mwenzangu anayetumia mkono wa kulia hahitaji kuelezwa kwa nini kushoto ndiko kuliumia. Kulia kunashika tupa, kushoto kunashika kidole cha mteja. Gumba, shahada na cha kati ndivyo vinavyobana pamba iliyolowa asetoni, ile dawa ya kutolea rangi ya kucha, ndivyo vinavyovua foili inayofungia pamba hiyo, na vumbi lote la kusugua linatua hapohapo.

Wakati natembea na kikapu mitaani, Manzese mpaka Mwananyamala, nasafisha miguu na kupaka rangi za kawaida, mikono yangu haikuwa na shida hiyo. Rangi ya kawaida unaifuta kwa kipande kimoja cha pamba, sekunde chache umemaliza. Jeli, ile rangi nzito inayokaushwa kwa taa maalum, haifutiki. Ikishapigwa taa inakuwa plastiki, na asetoni haiiyeyushi kama sukari kwenye chai. Inaingia taratibu, inaivimbisha, mpaka yenyewe inaachia kucha. Hiyo ni dakika 10 hadi 15, na kabla yake umeshasugua juu ili asetoni ipate pa kupitia. Sasa zidisha kwa wateja watano au sita wa Jumamosi, halafu fikiria vidole vya nani vinaingia na kutoka kwenye hiyo asetoni siku nzima. Mteja anaiona mara moja kila wiki tatu. Mimi naishi nayo.

Na asetoni haichagui. Kazi yake ni kung'oa mafuta, na mafuta ya ngozi yako nayo yanaenda. Ndiyo maana mkono unageuka mweupe kama uliopakwa unga, halafu unaanza kubana, halafu unapasuka. Nilizoea hadi nikaona ni kawaida ya kazi, kama fundi gari na weusi wa oili kwenye kucha. Siku niliyoshtuka ilikuwa mezani. Nilikuwa nakula ugali na samaki, nikaminya ndimu. Mke wangu alidhani nimekwamwa na mwiba.

Duka la dawa walinipa tyubu ya krimu. Ndani ya wiki moja ngozi ikatulia, nikafurahi, nikarudi kwenye pamba kama zamani, na baada ya wiki mbili nikawa nanunua tyubu nyingine. Hizo krimu nyingi ni za steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe wa ngozi, na ukizipaka miezi na miezi bila daktari zinaifanya ngozi iwe nyembamba zaidi. Nilikuwa nachota maji kwa pakacha.

Kila mtu atakwambia vaa glavu. Ni ushauri wa nusu, na ile nusu iliyobaki ndiyo inayotuumiza. Hizi glavu nyembamba za buluu au nyeusi tunazonunua kwa boksi ni za nitrili, aina ya mpira wa kutengenezwa, na nitrili na asetoni hazipatani hata kidogo. Dogo anayejifunza kwangu alikuwa haamini, akawa anazivaa na kuchovya vidole kwenye bakuli kwa raha zake. Siku moja nikamwaga asetoni kidogo ndani ya kidole cha glavu mpya nikaining'iniza mbele yake. Hata hatujamaliza kubishana, kidole kikaanza kulegea, kikavimba, kikarefuka kama chuchu ya mbuzi. Asetoni inapenya glavu nyembamba kwa muda ambao pengine haufiki hata dakika moja. Ukiwa umeivaa unasikia ubaridi kwenye ncha ya kidole, na huo ubaridi maana yake imeshaingia. Ubaya wake ni kwamba ikiwa ndani haina pa kwenda. Mkono mtupu ungekauka hewani. Mkono uliofungiwa na asetoni unapikika taratibu.

Glavu inayoizuia kweli ipo, ni ya mpira wa butili, ya watu wa viwandani. Nene. Jaribu kushika kidole cha bibi harusi na hiyo kitu uone kama hatanyanyuka kitini.

Kwa hiyo kwa maoni yangu, glavu si kinga ya asetoni. Glavu ni kinga ya vumbi na matone, na kinga ya asetoni ni kutoigusa. Siku hizi pamba naichukua kwa kibano. Nalowesha kiasi cha kucha tu, isidondoke, naiweka, nafunga foili au nabana kwa kile kibanio cha plastiki, na mkono wangu unatoka pale. Muda ukiisha sivui kwa vidole. Navuta foili kwa kibano hichohicho, pamba inaingia moja kwa moja kwenye mkebe wenye kifuniko, na jeli naisukuma kwa kijiti cha chuma. Kama haijaachia, narudisha pamba. Glavu ikilowa natupa, hata kama nimeivaa sasa hivi. Nikimaliza nanawa kwa sabuni laini (si ile ya unga ya kufulia iliyopo pale sinki kwa ajili ya taulo) na napaka vaselini mkono ukiwa bado una unyevu. Spirit ya kusafishia mikono niliiacha kwa mikono yangu mwenyewe, maana nayo inakausha. Usiku napaka tena nyingi na kuvaa glavu za pamba. Mke wangu anasema nimekuwa kama polisi wa trafiki.

Kuna suala la bakuli la asetoni linalowekwa ndani ya maji ya moto ili kazi iende haraka. Sitaki hata kulijadili. Asetoni inachemka kwenye nyuzi 56 tu, mvuke wake unashika moto kirahisi mno, na saluni zetu ukuta kwa ukuta na mtu wa pasi ya nywele, umeme ukikatika mtu anawasha mshumaa. Acheni.

Sasa niseme la wateja, kwa sababu kwa kweli hao ndio walionichelewesha. Mara ya kwanza nilipovaa glavu kwa mteja wangu wa miaka, mama mmoja mtu mzima ninayemheshimu, alirudisha mkono wake mapajani. "Mwanangu, leo unaniona nina ugonjwa?" Nikamwambia hapana mama, ni mimi mikono yangu mibovu. Hapo nikawa nimeharibu zaidi, maana sasa akadhani mgonjwa ni mimi. Ilibidi nivue, nimwonyeshe ile mipasuko, nimweleze asetoni ni nini. Akaniangalia muda mrefu, akasema, "Na hiyo dawa ndiyo unanipaka mimi?" Hakukosea. Tangu siku hiyo nampaka vaselini kuzunguka kucha kabla ya kuweka pamba, jambo ambalo nilipaswa kulifanya miaka mingi nyuma.

Kukauka na kupasuka, hata hivyo, ni ugonjwa unaopona ukiacha kuuchokoza. Kinachoniogopesha ni aleji, yaani mzio. Tulikuwa na dada mmoja kiti cha jirani, mkono wake wa kazi ulikuwa mzuri kuliko wangu, anachora maua madogo hadi unatamani kuyanusa. Alianza kuwashwa ncha za vidole. Halafu kope zikavimba. Akafikiri ni wanja, akabadilisha wanja. Akafikiri ni dagaa, akaacha dagaa. Ilikuwa jeli. Ndani ya jeli na akriliki (ile ya kutengenezea kucha bandia) kuna kemikali za jamii ya akrileti, maarufu kati yao ni ile inayoitwa HEMA, na zikigusa ngozi zikiwa bado hazijakauka sawasawa kwenye taa, siku moja mwili unaweza kuzikataa. Ukishazikataa, kwa kawaida ni maisha yote. Vumbi tunalosugua kabla ya kuweka pamba nalo linaweza kuwa na mabaki hayo, hasa kama aliyepaka mwanzo alikuwa na taa dhaifu. Linatua kwenye vidole, unajikuna jicho, basi.

Madaktari wa ngozi huko Marekani, ile jumuiya yao ya mzio wa kugusana, walizitaja akrileti kuwa kisababishi cha mzio cha mwaka 2012. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni ya 2020, waliagiza bidhaa za kucha zenye HEMA ziwe kwa mafundi waliosomea tu na ziandikwe kwamba zinaweza kuleta mzio. Ukienda Kariakoo leo, kichupa kinauzwa kwa yeyote mwenye hela, na maandishi mengine hata herufi zake huzijui. Yule dada ameacha kazi, anauza vitenge. Na mwenye mzio wa akrileti anatakiwa amwambie hata daktari wa meno, maana baadhi ya vijazio vya meno vina jamaa hao hao.

Ndiyo maana ninaposugua navaa barakoa, na sasa glavu ina kazi yake halali. Feni nimeigeuza. Zamani ilikuwa inanipulizia usoni, raha tupu, kumbe inanilisha vumbi. Jeli mbichi ikinidondokea siifuti kwa asetoni. Naikausha kwa tishu kavu kisha nanawa kwa maji na sabuni, kwa sababu ukiisugua kwa asetoni unaisambaza na kuisaidia kupenya.

Haya yote nayajua, na mafundi wengi wanayajua kwa kiasi chao. Kwa nini basi hawayafanyi? Nimekaa na swali hili na jibu langu ni moja: kwa sababu kutoa ni bure. Mteja analipia kupakwa. Kutoa ya zamani ni kama kufagia kabla ya kukaribisha mgeni, hailipwi, kwa hiyo fundi anaimaliza haraka iwezekanavyo. Dakika tano badala ya kumi na tano, anabandua kwa nguvu, anachovya vidole kwenye bakuli maana kibano kinachelewesha, glavu anaona hasara. Kitu kisicho na bei hakina muda, na kisicho na muda unakilipa kwa ngozi. Na hakuna atakayekufidia. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ni wa mwajiriwa ambaye mwajiri wake anamchangia. Mimi na wenzangu tunakodi kiti kwa siku. Bosi wangu ni kiti.

Niliweka bei ya kutoa mwaka juzi. Shilingi 3,000, na kama ilipakwa kwingine, 5,000, maana sijui kuna nini chini yake. Nilipoteza wateja, sidanganyi. Wawili walihamia kwa jirani anayetoa bure. Mafundi wenzangu waliniambia najivuna, eti nimeanza Uzungu. Lakini jozi ya glavu haijawahi kufika bei ya soda, barakoa vilevile, na kinachobaki kwenye 3,000 kinanunua zile dakika 15 ambazo nakaa mikono imetulia juu ya taulo, pamba inafanya kazi, sisi tunapiga stori. Kwa sababu kutoa kuna bei, jioni naweza kuminya ndimu.

Dogo bado namfukuzia. Juzi nimemkuta anaokota pamba kwa vidole tena. Nilipomwangalia akaishika kwa kibano haraka, kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

Bei nimeiandika kwa chokaa mlangoni: Kutoa jeli 3,000. Wiki iliyopita dada mmoja akasimama, akaisoma, akaisoma tena, akaniuliza, "Kaka, na nikija nimeshaitoa mwenyewe kwa meno?"

Nikamwambia hiyo sitozi, dada, ila kwanza nionyeshe kucha.