Mchele ni kontroli

Kwanza sikuzimia. Naanza na hilo maana najua wengi wenu mshaipata ile habari ya mimi kuzimia mbele ya paneli ya hela za utafiti kwa bwana harusi, mtu ambaye hakuwepo, hajui hata hicho chumba kiko ghorofa ya ngapi, lakini ameisimulia kwenye status yake na kwenye grupu la kamati ya harusi yake kwa kujiamini kabisa, mpaka jana dada wa kantini ananiwekea chai ananiuliza "Dokta pole, presha imekaa sawa?" Sikuzimia. Niliinama kuokota peni. Nilikaa huko chini ya meza kidogo, hilo sikatai, ila nilikuwa naokota peni.

Haya. Kwa ambao hamjui, chuo chetu kinatoa hela za utafiti kwa wahadhiri chipukizi, yaani sisi ambao PhD bado ina joto na ofisi tunakaa wanne. Dari ni milioni 20. Najua kuna mtu hapo ameguna, milioni 20 si pesa ya utafiti, nakubali, ukinunua vipimo vya maabara vya ELISA na mafuta ya gari unabaki na hamu tu. Lakini ndo pa kuanzia. Hao maprofesa wetu wenyewe baadhi walianzia na zile granti za IFS, taasisi ya kusaidia wanasayansi chipukizi ya kule Sweden, ambazo mtu mmoja alikuwa anapewa mwisho dola 15,000, leo wanasimamia miradi ya mabilioni na hawakupokei simu. Hapo kwenye kutopokea simu mpashike, tutarudi.

Na andiko langu lilikuwa zuri jamani, acheni nijisifu maana sina kingine kilichobaki. Ni mambo ya sumukuvu kwenye mahindi, ile sumu inayotokana na kuvu. Mnakumbuka mwaka 2016 kule Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua na 20 wakafariki kwa kula nafaka yenye sumukuvu. Sasa kuna ile mifuko ya kinga njaa, nailoni mbili ndani, salfeti nje, ukiifunga vizuri hewa haiingii, wadudu wanakufa bila dawa yoyote. Safi. Ila mama wa Kondoa hafungi mfuko akaenda kuutazama baada ya miezi sita kama sisi kwenye majaribio, yeye anaufungua kila baada ya siku mbili tatu anachota mahindi ya kusaga, anaufunga kwa kamba ya mgomba. Swali langu ni hilo tu, huo mfuko unaofunguliwa funguliwa bado unamlinda au unampa moyo tu, na je mahindi yake yanabaki chini ya ile 10 ppb, yaani sehemu kumi za sumu kwenye sehemu bilioni, ya viwango vya Afrika Mashariki? Mtu wa nje waliyempa asome aliandika "swali limetoka shambani". Nimeikariri hiyo sentensi, nikizeeka ntawasimulia wajukuu.

Upande wa pili wa maisha yangu, mimi ni mweka hazina wa kamati ya harusi ya huyo rafiki yangu msambaza habari. Mhadhiri mwenzangu, kwa hiyo nusu ya wachangiaji ni watu wa chuoni. Sikugombea. Siku ya kikao cha kwanza nilichelewa, nikakuta nimeshachaguliwa.

Sasa wiki ya dedilaini nilikuwa na eksel mbili kwenye leptopu. Zote zinaitwa Bajeti. Moja Bajeti FINAL, nyingine Bajeti FINAL mpya. Mfumo wa chuo unataka eksel yenyewe, siyo pdf, eti waone fomula. Jumla ya moja ni milioni 19.4, jumla ya nyingine milioni 18.9, zote chini ya dari, kwa hiyo niliyopandisha mfumo ukaipitisha ukaniwekea tiki ya kijani. Mmeshaelewa. Msianze kucheka bado, tunaenda kwenye paneli.

Paneli ni watu watatu. Mwenyekiti, profesa mkubwa tu, mtulivu, anaongea taratibu kama anaogopa kuamsha mtoto. Kuna dokta mmoja kutoka taasisi nyingine, kijana, anaandika kila kitu. Na mama wa fedha. Wale maprofesa wanalo andiko, mama wa fedha yeye ana karatasi ya bajeti peke yake, ukurasa mmoja, ameprint mwenyewe, ana miwani na kalamu nyekundu. AC ya kile chumba inaunguruma utadhani inasaga.

Nikapresenti. Freshi kabisa. Dakika kumi zimeisha nimemaliza, mwenyekiti anatingisha kichwa, nikaona kabisa mkono wangu unasaini mkataba. Akasema "Mama, upande wako."

Mama akashusha miwani. "Dokta, hongera. Mimi si mtu wa sayansi, utanisaidia. Hapa kuna MC, laki nane."

Wadau, kwenye nafaka MC ni kiwango cha unyevu. Ndo kitu cha kwanza tunapima. Nikafurahi kabisa kwamba mama wa fedha anaijua. Nikamwambia "Mama hapo umegusa moyo wa mradi wote. MC ikizidi asilimia 13 na nusu, kila kitu kinaharibika."

Akaniangalia. "Na moja inatosha?"

"Haitoshi mama! Tunachukua asubuhi na jioni, halafu tunatafuta wastani."

Akaandika. Na kalamu nyekundu. Mimi naona ananipa maksi.

"Mapambo, milioni moja na nusu." Naapa kwa hiyo AC nilisikia machapisho. Nikasema hayo hayaepukiki mama, siku hizi sehemu za maana wanatoza, na usipolipa kazi yako haionekani, watu watasema hujafanya kitu. Mama akaguna ile ya kukubaliana, "Kweli, watu wanasema." Yule dokta kijana naye akacheka kidogo, akasema hata yeye imemkuta mwaka jana. Tukawa marafiki pale, watu wanne tunalalamikia gharama, watu watatu wakiongelea majarida na mmoja anaongelea vitambaa.

"Haya, mchele. Kilo mia moja."

Hapo nikasikia vizuri. Mchele. AC yenyewe ilinyamaza kwanza, sijui iliamua kusikiliza. Mwenyekiti akafungua andiko, akalifunga, akasema kwa ile sauti yake ya taratibu, "Mbona hapa ni mahindi tu, Dokta?"

Sasa akili ya mwanadamu ikibanwa inafanya kazi za ajabu. Ningesema "ngoja niangalie" ingekuwa imeisha. Lakini mimi nikawaza labda nilikopi tembleti ya mtu wa mpunga nikasahau kufuta, na palepale mdomo ukaondoka bila mimi, ukasema:

"Mchele ni kontroli, Profesa."

Wanafunzi wangu mlioko humu, naombeni mtoke kidogo. Mchele hauwezi kuwa kontroli ya mahindi. Kontroli, yaani cha kulinganishia, ni mahindi yaleyale kwenye kiroba cha kawaida, mnajua, nawafundisha kila Jumanne. Lakini yule dokta kijana aliandika! Akaitikia na kichwa! Nikapata nguvu, nikaongeza na maelezo kuhusu maganda, sitayarudia hapa, nina mama mzazi anasoma.

"Basi sawa," mama akasema, "na mbuzi wawili?"

Kimya.

Mwenyekiti akaweka peni chini. "Mbuzi?"

"Mbuzi wawili, ndafu," mama akasoma, kidole kiko kwenye mstari.

Yule dokta kijana ndo akanimaliza, akaniuliza kwa heshima zote, "Kama mnawalisha hayo mahindi, kibali cha maadili ya wanyama mmeshapata?"

Ndafu. Ndugu zangu, mbuzi mzima, amechomwa, amesimama kwenye sinia, majani mdomoni, kavishwa na mataji. Kibali cha maadili. Hapo ndo damu ikaanza kushuka, ikaanzia masikioni, naisikia kabisa, maana nikaunganisha ndafu na MC na mapambo na nikajua MC yule ni nani, ana jina, ana suti ya zambarau, na nimeshamlipa advansi.

Nikasema "Naomba nitume upya." Mwenyekiti hakusikia au alikuwa ameshaanza kuburudika, akamgeukia afisa wa projekta, "Hebu tuione wote."

Projekta yetu mnaijua. Inaanza buluu. Inaandika "no signal". Kijana akachezesha waya, ikazima, ikawaka. Nikaomba kimoyomoyo umeme ukatike, siku zote unakatika nikiwa naandika, siku hiyo upo, umetulia, taa zinawaka mpaka za korido. Ikatokea picha ya desktopu. Akabonyeza faili mara mbili. Likawa linafunguka, kile kiduara kinazunguka, kinazunguka, mama wa fedha anafuta miwani aone vizuri.

Eksel, kama hujui, inafungukia pale ulipoachia mara ya mwisho. Na mimi niliachia ukurasa wa pili.

Ukurasa wa pili unaitwa AHADI.

Una jina, ahadi, amelipa, anadaiwa, na safu ya mwisho inaitwa Maelezo, ambayo ni ya kwangu mimi binafsi, haikutakiwa kuonwa hata na bwana harusi. Ndo pale nilipoandika "anasema mshahara ukitoka, mshahara ushatoka". Ndo pale nilipoandika "mvizie parking". Na nilivyo mtu wa fomula, nikaseti kila aliyelipa sifuri mstari wake ujipake wenyewe rangi nyekundu. Kwenye ukuta ule, ukubwa wa shuka, kulikuwa na mistari mingi nyeusi na mmoja mwekundu katikati kabisa. Ni profesa. Ahadi laki tatu. Amelipa sifuri. Maelezo: MGUMU. HAPOKEI. JARIBU KWA NAMBA NGENI.

Nikaangusha peni.

Huko chini kuna zulia la bluu, kuna gamu ya zamani, na viatu vya profesa, vimepigwa kiwi vizuri sana. Nikasikia mama wa fedha anasoma kwa sauti ya chini, anafuata herufi kwa herufi, "ja-ri-bu kwa na-mba..." halafu akanyamaza. Halafu juu kule ile sauti ya taratibu, haina hasira wala nini:

"Kumbe ile namba ngeni ya Jumapili ilikuwa wewe."

Nikajibu nikiwa hukohuko chini ya meza. "Ndiyo, Profesa. Shikamoo."

Basi, yaliyobaki ni haraka haraka. Nilitoka. Nikapewa mpaka saa kumi jioni kuleta bajeti halisi, nikaleta saa nane. Profesa alilipa usiku uleule, laki tatu kamili pamoja na ya kutolea, meseji ikasema "kontroli". Habari ilitokaje mle ndani? Afisa wa projekta yumo kwenye grupu la kamati, yeye ameshalipa zamani kwa hiyo hana cha kuogopa. Mwenyekiti wa kamati kanipongeza hadharani eti sijawahi kukusanya vizuri hivi, na kuna mjumbe ametoa hoja kwamba madeni sugu yote yapelekwe kwenye projekta.

Matokeo ya granti bado. Ila juzi wametuletea karatasi za maksi za awali, na inaonekana mama wa fedha alishasahihisha ile bajeti ya kwanza kabla hatujaingia chumbani. Kwenye ishirini, bajeti ya harusi imepata 15, ameandika "gharama zinaendana na hali halisi, ila MC apunguziwe". Ile yangu ya utafiti, niliyoikesha, yenye fomula zote, imepata 11.

MC nimemwonyesha. Amekataa kupunguza.