Mwizi akikulipa yaishe, umekosea kupokea?

Keshia kala hela za mauzo, bosi kamshtukia. Badala ya kupiga simu polisi wamejifungia ofisini wakaandikishana: kila mwisho wa mwezi jamaa atarudisha kiasi mpaka deni liishe, na chini kabisa kuna mstari unasema bosi hatalipeleka suala hili popote. Saini mbili, kazi imeisha. Sasa hapo nani kamkosea nani?

Wanaotetea wana hoja nzito, tusijifanye hatuioni. Kesi inakula muda, unaitwa ushahidi leo inaahirishwa, simu yako iliyoibiwa inakaa kama kielelezo huku wewe huna ya kutumia, na hata jamaa akifungwa wewe unaweza usirudishiwe hata senti, yaani serikali imepata mfungwa wewe umepata nauli za kwenda mahakamani. Wengine wanaongeza dini, kwamba Qur'ani yenyewe, Al-Baqara aya ya 178, imeruhusu ndugu wa aliyeuawa kusamehe na kulipwa. Ni kweli, ila angalia, ile diya, yaani fidia ya damu, inajulikana, muuaji anatajwa kuwa ndiye kaua na watu wanajua kasamehewa, hakuna anayeficha kitu. Ukiitumia kutetea bahasha ya gizani umechanganya mambo.

Sheria ya Uingereza ya mwaka 1967 imelikata hili vizuri kuliko nilivyotegemea. Ukipokea malipo ya kufidia hasara au maumivu uliyopata, kwa kiasi cha kueleweka, huna kosa hata kama umekubali kukaa kimya, ila ukipokea kitu kingine chochote ili ufiche unachokijua kuhusu kosa kubwa unaweza kwenda jela mpaka miaka 2. India nako sheria yao ya mwaka 1973 iliorodhesha kabisa makosa ambayo mtu aliyeumizwa anaruhusiwa kuyamaliza na mkosaji, mengine hapana.

Sasa mtu atauliza, mbona nikinyamaza bure hakuna shida nikilipwa ndo inakuwa dhambi? Swali zuri sana na mi naona jibu lipo kwenye ule mstari wa chini wa karatasi. Ukinyamaza bure bado uko huru, kesho ukisikia jamaa kafanya tena unasema. Ukishalipwa umefungwa, umekuwa kama mfanyakazi wake. Yule keshia akienda kuomba kazi kwingine, bosi mpya akapiga simu kuuliza huyu mtu vipi, bosi wa zamani anajibu nini? Pesa yake ya miezi iliyobaki iko mfukoni mwa huyo huyo keshia anayeuliziwa! Atamsifia tu, na hasara inahamia kwa mtu ambaye kwenye makubaliano hakuwepo.

Na hapo tunaongelea hela tu. Njoo kwenye mtoto kabakwa, wazee wamekaa, baba kapokea, wanasema tumeyamaliza kifamilia. Tumeyamaliza nani? Aliyeumia hakuulizwa, hela hajaiona, na aliyembaka anapishana naye njiani kila siku. Hapa sitaki hata kusikia upande wa pili, mzazi hana haki ya kuuza kimya cha mwanae.

Kuna na wale wanaogeuza kibao, kaibiwa kidogo anadai mara kumi la sivyo naenda polisi, huyo naye keshakuwa mnyang'anyi, tofauti yake na mwizi ni kwamba yeye alianza kuibiwa.

Kwa hiyo bosi wetu mi simlaumu kwa kudai hela yake, ni yake, adai mpaka ya mwisho. Ningemwambia afute ule mstari tu. Kama keshia atakataa kulipa bila mstari ule, basi ujue alichokuwa ananunua pale hakikuwa msamaha.