Mti wa Miaka 9,550 Wenye Shina la Juzi

Ile picha imenirudia tena kwenye simu: msprusi mwembamba, ndugu wa msonobari, umesimama peke yake kwenye mlima Fulufjället, jimbo la Dalarna nchini Sweden. Chini yake pameandikwa: "Mti mkongwe kuliko yote duniani, miaka 9,550." Wachangiaji kama kawaida wamegawanyika, huku "Mungu mkubwa", kule "acheni uongo, mti gani mwembamba hivyo?"

Hao wenye shaka wana haki yao. Shina mnaloliona, lenye urefu wa mita tano hivi, ni la juzi tu. Kongwe ni mizizi. Aliyekulia migombani ataelewa upesi: mgomba ukishazaa unakatwa, tunguu lililobaki ardhini linatoa chipukizi, na shamba la bibi linabaki shamba la bibi ingawa hakuna shina hata moja lililokuwepo siku alipoolewa. Msprusi nao una njia yake. Matawi ya chini yakilaliwa na theluji hugusa udongo na kuota mizizi. Shina likifa, jingine linachukua nafasi. Mwaka 2004 Leif Kullman wa Chuo Kikuu cha Umeå alikuta mabaki ya mbao chini ya mti huo, yakapimwa kwa kaboni 14, na umri ukajulikana. Akauita Old Tjikko kwa jina la mbwa wake. Hapo kidogo nilicheka.

Kinachonivutia mimi ni jinsi mti huu ulivyowapiga chenga wataalamu. Tangu mwanajiolojia Lennart von Post alipoonyesha mwaka 1916 kwamba chavua iliyozama kwenye tope la mboji inaweza kuhesabiwa na kueleza misitu ya kale, Wasweden wamesoma historia yao ya mimea humo. Chavua ikasema misprusi ilifika kwao kutoka mashariki, tena kwa kuchelewa sana. Kumbe juu mlimani ilikuwepo michache, imejikunyata kama vichaka kwa maelfu ya miaka ya baridi, haina nguvu ya kumwaga chavua ya kutosha. Ilisubiri joto la karne ya 20 ndipo ikanyoosha shina.

Na hilo joto ndilo linalonifanya nisishangilie ninaposikia kwamba milima ya kaskazini "inazidi kuwa kijani". Kijani cha nani? Huko mpaka wa msitu ni mibetula mifupi iliyopinda, na juu yake kuna uwanda wa mimea isiyofika kifundo cha mguu. Mmojawapo ni driasi, ua jeupe lenye petali nane. Majani yake yaliyokutwa kwenye udongo wa kale ndiyo yaliyokipa jina kipindi cha baridi kali kilichokwisha miaka 11,700 hivi iliyopita. Lilistahimili hayo yote, na bado linachanua karibu na Abisko, kaskazini mwa Sweden. Lakini kivuli halikiwezi. Miti ikipanda, nalo lipande, mpaka mlima uliishie.

Kuna jingine, Arabis alpina, kiua cheupe cha jamii ya kabichi, linaloota milima hiyohiyo ya Skandinavia na pia Kilimanjaro. Hakuna anayelipiga picha, si huko wala huku.