Kocha apewe misimu mingapi? Subira ya mashabiki wa kikapu cha vyuo Marekani

Machi 1983, mjini Atlanta, timu ya mpira wa kikapu ya Chuo Kikuu cha Duke ilipigwa na Virginia pointi 109 kwa 66 katika mashindano ya kufunga msimu ya ligi yao, ACC. Kocha Mike Krzyzewski alikuwa anamaliza mwaka wake wa tatu. Mpaka siku hiyo alikuwa ameshinda mechi 38 na kupoteza 47. Kilichowauma zaidi mashabiki ni majirani. North Carolina walikuwa mabingwa wa taifa mwaka 1982, wakiwa na kijana wa mwaka wa kwanza aitwaye Michael Jordan, na wiki chache baada ya kipigo cha Atlanta, North Carolina State nao wakalibeba kombe. Wafadhili wengi wa Duke walitaka kocha aondoke. Mkurugenzi wa michezo, Tom Butters, akafanya kinyume: Januari 1984 alimwongezea mkataba. Mwaka 1986 Duke ilishinda mechi 37 na kufika fainali, mataji yakaja 1991 na 1992, na Krzyzewski alipostaafu mwaka 2022 alikuwa na ushindi 1,202 na ubingwa mara tano.

Kila timu ya chuo inapoyumba, hautapita msimu kabla mtu hajasema: kumbukeni Duke. Kisa hicho ni cha kweli na ni kizuri, lakini kinasimuliwa nusu. Butters hakuwa anafumba macho na kuomba Mungu. Msimu ule mbaya wa 1982-83 ulikuwa wa kwanza kwa Johnny Dawkins, Mark Alarie, Jay Bilas na David Henderson, wote wageni katika kikapu cha vyuo, na wote wakicheza dakika nyingi dhidi ya wakubwa. Hao hao ndio waliofika fainali ya 1986 wakiwa mwaka wa nne. Aliyewatazama kwa makini mwaka 1983 alikuwa na kitu cha kushika mkononi: vijana wenye vipaji, waliokuwa na miaka mitatu mbele yao. Isitoshe, tunamkumbuka Krzyzewski kwa sababu alifanikiwa. Makocha waliopewa miaka minne au mitano wakaondoka bila chochote ni wengi, na hakuna anayewatolea mfano.

Indiana inafundisha zaidi kuliko Duke, kwa maoni yangu, kwa sababu pale subira ilitoka kwa mashabiki wenyewe. Hiki ni chuo chenye mataji matano, na timu yao ya 1976 ndiyo bingwa wa mwisho wa wanaume kumaliza msimu mzima bila kufungwa. Watu wa jimbo lile wanaishi na kikapu. Mwaka 2008 kocha Kelvin Sampson aliondoka katikati ya msimu kwa kashfa ya kukiuka kanuni za simu kwa vijana waliokuwa wanatafutwa kusajiliwa, na kikosi kikasambaratika. Tom Crean alipofika hakukuta mchezaji hata mmoja wa kutegemewa. Msimu wa kwanza alishinda mechi 6 na kupoteza 25. Katika ligi ya Big Ten alishinda moja tu kati ya 18. Wa pili, 10 kwa 21. Wa tatu, 12 kwa 20. Miaka mitatu, ushindi 28 na vipigo 66, kwenye chuo ambacho miaka mingine mwaka mmoja wa wastani unatosha kuwatoa watu kwenye viti.

Na bado walikwenda uwanjani. Walivumilia kwa sababu walijua nani aliibomoa nyumba, na hakuwa Crean. Cody Zeller, kijana wa mji mdogo wa jimbo hilo hilo, alijiunga mwaka 2011. Tarehe 10 Desemba 2011 Christian Watford alirusha mpira wa pointi tatu sekunde zikimalizika, Indiana ikaifunga Kentucky, iliyokuwa namba moja nchini, 73 kwa 72, na umati ukamwagika uwanjani. Msimu ule ulikwisha kwa ushindi 27. Nadhani furaha ya usiku ule ilikuwa kubwa kiasi kile kwa sababu watu waliokuwa ukumbini walikuwa wamelipa gharama yake miaka mitatu mfululizo.

Ila Indiana ile ile ina upande wa pili. Crean alitwaa ubingwa wa Big Ten mwaka 2016, na mwaka 2017 akafukuzwa. Archie Miller akapewa misimu minne, akafukuzwa 2021 kwa fidia iliyozidi dola milioni 10, fedha zilizotoka kwa wafadhili. Mike Woodson, mchezaji wao wa zamani, akashika nafasi mpaka 2025, kisha Darian DeVries. Makocha wanne katika muda usiofika miaka kumi. Hapa ndipo wanaotetea subira wanapata hoja yao nzito: kila kocha mpya huja na mfumo wake na wachezaji wake, huanza upya kuhesabu, na mashabiki huambiwa tena wangoje. Ukosefu wa subira nao una gharama, na gharama hiyo haionekani kwenye ubao wa matokeo siku kocha anapofukuzwa. Huonekana miaka mitano baadaye.

Sasa twende Chuo Kikuu cha Louisville, maana bila Louisville mjadala huu ungeegemea upande mmoja. Mwaka 2022 walimleta Kenny Payne, aliyekuwa kwenye kikosi chao cha mabingwa wa 1986. Mashabiki walimpokea kama ndugu aliyerudi nyumbani. Msimu wa kwanza: ushindi 4, vipigo 28. Wa pili: 8 kwa 24. Viti vya ukumbi wa KFC Yum! Center, unaochukua watu zaidi ya 20,000, vilikuwa vitupu safu kwa safu. Waliosema "mpeni muda" walikuwa na sababu: chuo kilikuwa kimetoka kwenye uchunguzi wa miaka mingi, hata ubingwa wao wa 2013 ulikuwa umefutwa. Lakini ukilinganisha na Indiana ya Crean, kilichokosekana ni dalili. Msimu wa pili haukuonyesha ulinzi ulio bora kuliko wa kwanza, wala kijana ambaye ungesema huyu tumjenge timu juu yake. Payne akaondolewa Machi 2024. Pat Kelsey akaja kutoka College of Charleston na, kwa kikosi karibu kipya chote, akashinda mechi 27 na kupoteza 8 katika msimu wake wa kwanza. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na safari ile mashabiki waliochoka ndio waliokuwa sahihi.

Kilichomwezesha Kelsey ndicho kilichobadilisha swali lote. Tangu Oktoba 2018 kuna mfumo wa wazi wa uhamisho ambapo mchezaji anaandikisha jina lake na chuo chochote kinaweza kumfuata. Mwaka 2021 akaruhusiwa kuhama mara moja bila kukaa msimu mzima nje, na mwaka 2024 akaruhusiwa kuhama kila mwaka akitaka, mradi masomo yake yako sawa. Tarehe 1 Julai 2021 wachezaji walianza kuruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao. Kisha, baada ya mapatano ya mahakamani ya Juni 2025, vyuo vyenyewe vikaruhusiwa kuwagawia wanamichezo wao mapato, mpaka dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Kwa hiyo kocha anayewaambia mashabiki leo kwamba matunda yataonekana mwaka wa nne anatumia kalenda ya Krzyzewski katika zama ambazo Dawkins na wenzake wangeweza kuwa kwenye vyuo vinne tofauti ifikapo mwaka huo. Mashabiki wanalijua hili. Subira yao imefupika, na wana haki.

Hata hivyo, kuna jambo linalopuuzwa na wanaosema sasa mwaka mmoja unatosha. Kikosi kinachonunuliwa kwa majira ya joto moja hutawanyika majira ya joto yanayofuata. Shabiki anayetaka ushindi wa haraka anapewa wageni kila Novemba, anajifunza majina yao mpaka Machi, kisha anaanza tena. Ndiyo, timu inashinda. Lakini uhusiano ule wa kumwona kijana akiingia amekonda, anapoteza mipira ovyo, na miaka mitatu baadaye anaongoza timu, unapotea. Kwangu huo ndio utamu mkuu wa kikapu cha vyuo, na sioni kama ligi ya kulipwa inaweza kuufidia.

Sisi Watanzania tuliuonja utamu huo kupitia Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam. Alipoanza kuchezea Chuo Kikuu cha Connecticut, UConn, msimu wa 2006-07, chuo kilikuwa kimepoteza wachezaji wanne walioteuliwa raundi ya kwanza na timu za NBA, ligi ya kulipwa, kwa mkupuo mmoja. Kikosi kilikuwa cha watoto. Kilimaliza na ushindi 17 na vipigo 14, bila kuitwa kwenye mashindano ya taifa, na Thabeet, mwenye urefu wa sentimita 221, alikuwa bado anafunga wastani wa pointi 6 tu kwa mechi. Msimu wa pili, ushindi 24. Wa tatu, 31, na kufika nusu fainali ya taifa mjini Detroit. Yeye akifunga wastani wa pointi 13.6, akizuia mitupo zaidi ya minne kila mechi, na kugawana tuzo ya mchezaji bora wa ligi ya Big East. Mwaka 2009 Memphis Grizzlies wakamchagua wa pili kwa nchi nzima. Yaliyompata baadaye kwenye NBA ni habari nyingine. Kocha Jim Calhoun alisubiriwa kwa sababu alikuwa tayari ameleta ubingwa wa 1999 na 2004, akiba ambayo kocha mgeni hana. Ila hata bila akiba hiyo, dalili zilikuwa pale: mtu mrefu namna ile, aliyeanza mchezo akiwa amechelewa, akiongeza kitu kipya kila mwaka.

UConn hiyo hiyo ilirudia somo miaka kumi baadaye. Dan Hurley alifika 2018. Msimu wa kwanza 16 kwa 17, wa pili 19 kwa 12. Mwaka 2021 na 2022 walitolewa mechi ya kwanza kabisa ya mashindano ya taifa. Misimu minne bila ushindi hata mmoja katika mashindano ya taifa, kwenye chuo kilichokwisha kuwa bingwa mara nne! Wapo waliochoka. Mwaka 2023 akatwaa ubingwa, na 2024 akautetea. Aliyetazama ushindi na vipigo vya mwaka kwa mwaka aliona mstari unapanda, na kila msimu timu ilikuwa ngumu zaidi kufungika.

Ndiyo maana nakataa kuhesabu miaka peke yake. Nampa kocha mpya msimu wa kwanza bila masharti, hata akipoteza 25. Msimu wa pili nataka kuona ulinzi umekaza, mechi za karibu zinaanza kugeuka, na zaidi ya yote nataka kuona nani amebaki. Katika zama hizi mchezaji anayeweza kuondoka kesho na akachagua kubaki ni ushahidi kuliko hotuba yoyote ya mkurugenzi. Wakiondoka wote mara mbili mfululizo, sina deni na kocha huyo tena.

Subira kwa wachezaji ni suala jingine, na hapo ninasimama imara zaidi. Wapo wanaosema kwamba kwa kuwa sasa wanalipwa, wazomewe kama watu wazima. Sikubaliani. Wengi wana miaka 18 au 19, na si wote wanaolipwa sawa. Wanafunzi wa kigeni, wakiwemo Waafrika, viza zao za masomo huwabana hata kupokea fedha ambazo wenzao wanapokea kwa urahisi. Shabiki aliyechoka ana njia halali ya kusema na wenye mamlaka: timu ya chuo haishuki daraja, lakini kiti kitupu na mchango usiotolewa vinasikika kwenye ofisi ya mkurugenzi, kama ilivyokuwa Louisville. Kijana aliyekosa mitupo miwili ya adhabu mbele yako hakumwajiri kocha, hakupanga kikosi, na akiamua kuhama Aprili kwa sababu ya matusi uliyomtupia, mwaka wa kujenga timu unaanza upya kwa mkono wako.