Undugu wa Tanzania na Oman tuusome kifungu kwa kifungu

Kila Jumapili hapa Oman hutoka Gazeti Rasmi. Sultani akiridhia mkataba na nchi nyingine, amri yake huchapishwa humo, na mara nyingi matini ya mkataba huambatana nayo. Muuza duka wa Ruwi, mtaa wa Muscat, anaweza kuusoma kwenye simu bila kumwomba mtu ruhusa. Ni raha ndogo, lakini kwa sisi tuliotoka nyumbani inauma, kwa sababu mikataba yetu tunaijua kwa picha: makabrasha ya ngozi yanabadilishana mikono, bendera mbili nyuma, wakubwa wanatabasamu. Kilichoandikwa ndani ya makabrasha, kila mtu ana ya kwake.

Najua jibu limeshaandaliwa: "Keshakula halua ya Waarabu, sasa anatufundisha kutawala." Hapana. Kwa sheria sisi ndio tuko mbele. Katiba yetu, ibara ya 63(3)(e), imelikabidhi Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba inayohitaji kuridhiwa. Baraza la Oman halina nguvu hiyo mbele ya Sultani. Ndiyo maana nakereka. Mwenye haki ya kuuliza ananyimwa cha kusoma. Mkataba wa bandari na Dubai ulitiwa saini Oktoba 2022, wananchi wakauona Juni 2023, mwezi uleule Bunge lilipouridhia, nakala zikiruka kwenye simu. Fujo iliyofuata mnaijua. Ungewekwa hadharani mapema, hata waliokuwa na sababu nzuri za kuutetea wangepata nafasi ya kusikilizwa.

Rais Samia alipokuja Muscat Juni 2022 palitiwa saini hati kadhaa za makubaliano, na hotuba zikarudi palepale: sisi ni ndugu, Sayyid Said alihamishia makao yake Unguja, majahazi yalipanda kwa kusi na kushuka kwa kaskazi. Sawa, nami najivunia. Lakini wanaomtaja Sayyid Said wausome mkataba wake na Marekani wa Septemba 1833, vifungu 9 tu. Ushuru ni asilimia 5 ya mzigo unaoshushwa, basi. Baharia wa Kimarekani akivunjikiwa meli kwenye pwani ya Sultani, atatunzwa kwa gharama ya Sultani hadi apate njia ya kurudi kwao. Huo ni udugu unaodaiwa ofisini. Na anayenikumbusha soko la watumwa la Zanzibar ana haki ya kulikumbuka. Lilifungwa mwaka 1873, na kilicholifunga kilikuwa mkataba ulioandikwa.

Hati ya makubaliano kwa kawaida haimfungi mtu. Haiendi bungeni, haina adhabu, na mara nyingi haina kiambatisho kinachotaja nani afanye nini lini. Tume ya Pamoja ya nchi hizi mbili isipokaa, hati inalala kabatini.

Chukueni mabaharia, maana hapo ndipo nchi mbili za bahari zingekutana kwanza. Ofisa aliyesomea Chuo cha Bahari Dar es Salaam hawezi kupanda meli yenye bendera ya nchi nyingine kwa cheti chake peke yake. Kanuni ya I/10 ya Mkataba wa STCW, ule wa kimataifa wa mafunzo na vyeti vya mabaharia, inataka nchi ya bendera ijiridhishe kwanza na mafunzo na mitihani yetu, hata kwa kuja kukagua chuo, kisha ziandikiane ahadi ya kuarifiana mabadiliko. Baada ya hapo ndipo ofisa anaombewa nchi hiyo ithibitishe cheti chake. Akiwa na ushahidi kwamba ombi limepelekwa, anaruhusiwa kufanya kazi kwa muda usiozidi miezi 3. Baharia wa kawaida wa sitaha hahitaji uthibitisho huo. Nahodha, maofisa na wahandisi ndio wanaokwama.

Wanakwamia wapi? Kwenye uhakiki. Mwajiri anauliza kama cheti ni halali, na jibu linatakiwa upesi. Tangu 1 Januari 2017 STCW inataka taarifa za vyeti zipatikane kwa Kiingereza kwa njia ya mtandao. Barua pepe ikikaa wiki mbili bila jibu, meli imeng'oa nanga na nafasi imekwenda kwa Mfilipino. Hakuna aliyetuonea.

Halafu kuna lile letu la nyumbani. Nchi moja, lakini sheria za meli mbili, ya Bara ya 2003 na ya Zanzibar ya 2006, na taasisi mbili za kusimamia meli, TASAC ya Bara na ZMA ya Zanzibar. Mgeni anataka mlango mmoja wa kubisha. Jina la bendera yetu nalo lilichafuliwa na meli za kigeni zilizojisajili kwetu kisha zikakamatwa na silaha na dawa za kulevya, mpaka Januari 2018 usajili wa meli hizo ukasimamishwa. Mkaguzi wa bandari ya ng'ambo hajasahau. Mkataba unaoanza bila kusema nani anajibu kwa niaba ya Jamhuri umekwama kabla ya kuondoka gatini.

Kadeti ndio wanaoniuma zaidi. Kupata cheti cha ofisa wa zamu wa sitaha kunataka miezi 12 baharini yenye daftari la mafunzo lililosainiwa, au miezi 36 bila mafunzo hayo. Darasa wanamaliza, meli ya kupanda hawana. Oman wanazo, zikiwemo za gesi, na wameuza gesi iliyogeuzwa kimiminika kutoka Qalhat, karibu na Sur, tangu mwaka 2000. Sisi tunaisubiri ya Lindi. Cheti cha juu cha meli za gesi kinadai, baada ya kile cha msingi, miezi 3 ya kazi kwenye meli hizo, au mwezi 1 wa mafunzo nje ya idadi ya mabaharia wa meli, ukishiriki kupakia mara 3 na kupakua mara 3. Kwetu hakuna pa kuyapata hayo leo. Huku yapo, kwa hao tunaowaita ndugu.

Na wenyeji wangu pia wana la kujibu. Sheria yao ya kazi ya 2023 imewaacha nje wafanyakazi wa majumbani, na humo ndimo walimo dada zetu wengi, wengine paspoti zao zikikaa kabatini kwa tajiri. Baharia analindwa na Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006, unaokataza wakala kumtoza ada ya kumtafutia kazi. Dada wa Tanga anayekuja kufua na kupika Muscat anastahili kifungu kama hicho kati ya serikali hizi mbili, chenye jina la ofisi atakayoikimbilia.

Mtaniambia nianze na Waomani. Nitawaambia, lakini kodi yangu ya kwanza niliilipa nyumbani, na wabunge wangu wako Dodoma. Ziara ijayo wadai matini kabla ya picha: kadeti wangapi kwa mwaka na kwenye meli zipi, nani analipa tiketi na bima, nani anasaini daftari, cheti kihakikiwe ndani ya siku ngapi, na Tume ya Pamoja ikutane tarehe gani.