Mkusanyaji wa sarafu zenye kosa si tapeli

Hapa Mwanza ukisema sarafu fulani ina thamani kubwa, watu wanakuangalia kwa huruma. Wana sababu. Kanda ya Ziwa imechoshwa na hadithi za rupia ya Mjerumani inayonunuliwa kwa mamilioni: mnunuzi yuko njiani, tanguliza nauli ya mtaalamu. Jirani yangu aliuza mbuzi wawili kupata rupia ya namna hiyo. Ndiyo maana anayekusanya sarafu ambazo kiwanda kilizigonga kwa kosa kwenye madini yasiyostahili anatiwa kapu moja na matapeli. Naona anaonewa.

Kosa lenyewe hutokea hivi. Sarafu huanza kama kisahani kitupu, kisha mihuri miwili inakibana na kuacha picha pande zote. Visahani huhamishwa ndani ya mapipa makubwa. Kimoja kikinasa kwenye upenyo wa pipa, huja kudondoka siku inapotengenezwa sarafu nyingine. Kikiwa kipana kupita kiasi hakipiti kwenye mashine. Kikiwa kidogo kinapita, na maandishi yanakatika pembeni.

Kosa maarufu kuliko yote ni la Marekani. Mwaka 1943 shaba ilihitajika vitani, hivyo senti zikatengenezwa kwa chuma kilichopakwa zinki. Visahani vichache vya shaba vya mwaka uliotangulia vilisalia mitamboni vikagongwa mwaka 1943. Zinazojulikana leo ni kama 20 tu. Kijana wa miaka 16, Don Lutes, alirudishiwa moja kama chenji kwenye mgahawa wa shule mjini Pittsfield, Massachusetts, mwaka 1947. Mtaani zilivuma habari kwamba Henry Ford angempa gari mwenye senti hiyo. Akauliza, akaambiwa ni uongo. Akaiandikia Hazina ya Marekani, nayo ikajibu kwamba senti zote za 1943 ni za chuma. Akaitunza maisha yake yote. Mwaka 2019, baada ya kifo chake, ilinadiwa kwa dola 204,000.

Hapo ndipo ninapopapenda. Uvumi ulimdanganya, na serikali nayo haikumwambia kweli. Iliyosema kweli ni mizani. Senti ya chuma ina gramu 2.7, ya shaba ina gramu 3.11. Tofauti ni gramu 0.41, ambayo mkono hauwezi kuihisi. Walaghai huipaka shaba senti ya chuma, lakini sumaku huinasa palepale. Wengine hukwangua tarakimu 8 ya mwaka 1948 mpaka isomeke 3, na hao hukamatwa kwa lenzi, kwa kuwa mkia wa 3 halisi una umbo lake. Mkusanyaji wa kweli ndiye mtu mgumu kuliko wote kumdanganya, maana kabla ya kutaja bei ameshapima uzito, ameshajaribu sumaku, ameshatazama ukingo.

Na mji huu unaishi kwa mizani. Dhahabu ya Geita haipokelewi kwa maneno. Nilipompelekea sonara mmoja shilingi zangu mbili za mwenge za mwaka 1966, alizima feni kwanza, kwa kuwa upepo wake unachezesha namba, akasubiri kioo kitulie. Zikatofautiana kwenye tarakimu ya mwisho tu, uchakavu wa mifukoni. Sumaku haikuzigusa, kama inavyotakiwa kwa mchanganyiko wa shaba na nikeli. Kisha nikaweka sarafu ya 500, ile ya nyati iliyotoka mwaka 2014, chuma kilichopakwa nikeli. Ikarukia sumaku.

Wanaopinga wana hoja nzito, tena. Senti kama ya Lutes ni nadra sana, na kosa la kawaida haliwezi kumjengea mtu nyumba. Wanunuzi wako mbali, na kuthibitishiwa sarafu kunagharimu. Tena si kila kioja ni kosa: heller 20, sarafu za Wajerumani zilizotengenezwa Tabora mwaka 1916, zipo za shaba nyekundu na za shaba ya njano, lakini hizo zote ziligongwa kwa makusudi, katikati ya vita, kwa madini yaliyopatikana. Anayeziuza kama makosa ya kiwanda anapotosha. Kijana akiacha kazi ya dagaa pale Kirumba ili achambue chenji, nitamwambia arudi mwaloni.

Ila anayechambua jioni, akiwa na sumaku ya spika mbovu mezani, sioni anamkosea nani.

Jirani bado ana rupia yake. Wiki iliyopita tulikaa kibarazani nikamweleza kwamba rupia halisi ya Mjerumani ni ya fedha, gramu 11.66, na fedha hainaswi na sumaku. Akaingia ndani, akaileta kwenye kitambaa. Niliisogezea sumaku taratibu, na kabla sijaigusa ilikuwa imeshaidaka.