Orodha, kiti na saa: gavana anapoteua majaji Marekani

Mwishoni mwa mwaka 1956 gavana wa Kansas, Fred Hall, alikuwa akihesabu siku. Chama chake cha Republican kilikuwa kimemwangusha kwenye kura za mchujo, kisha uchaguzi mkuu ukachukuliwa na George Docking wa Democratic. Wakati huohuo Jaji Mkuu wa jimbo, William Smith, mtu wa kambi yake, alikuwa mgonjwa na anataka kupumzika. Kama Smith angengoja wiki chache tu, Docking ndiye angejaza kiti chake. Wakapanga mambo. Jaji Mkuu akajiuzulu. Tarehe 3 Januari 1957 Hall naye akaacha ugavana. Naibu wake, John McCuish, akaapishwa kuwa gavana kwa siku 11, na jambo linalokumbukwa katika siku hizo ni moja: alimteua Fred Hall kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Kansas.

Hakuna sheria iliyovunjwa, na hilo hasa ndilo lililowaudhi watu. Mwaka 1958 wapiga kura walibadilisha katiba ya jimbo, na tangu hapo gavana akawa hawezi kuteua jaji wa mahakama hiyo ila katika majina matatu anayoletewa na tume.

Mjadala kuhusu majaji wa majimbo ya Marekani huwekwa hivi: je, gavana ateue au wananchi wachague? Kwa maoni yangu swali hilo linapita kando ya jambo lenyewe. Anayesaini barua ya uteuzi tunamjua. Nguvu kubwa wanayo wengine wawili: anayeandaa orodha, na anayeamua kiti kiachwe wazi lini.

Msomaji wa Kenya asije akamfikiria gavana wa kaunti, ambaye hana kauli yoyote katika kuteua majaji. Gavana wa Marekani anaongoza jimbo lenye katiba yake, bunge lake na mahakama zake, na kesi nyingi za nchi ile, kuanzia mauaji hadi talaka, mirathi na mikataba, huanzia na kuishia katika mahakama hizo. Kila jimbo lina utaratibu wake. South Carolina na Virginia majaji huchaguliwa na bunge. Texas na Wisconsin huchaguliwa na wananchi. California, New York, New Jersey, Massachusetts, Missouri, Florida na Iowa, gavana ndiye huteua majaji wa mahakama ya juu, ingawa kila mahali amewekewa kizuizi cha aina yake.

Tena hata wananchi wanakopiga kura, mara nyingi gavana huteua kwa mlango wa nyuma, maana ndiye anayejaza kiti kinachobaki wazi katikati ya muhula. Georgia mwaka 2020, Jaji Keith Blackwell alitangaza kwamba angeondoka mwezi Novemba, wiki chache kabla ya muhula wake kwisha. Uchaguzi wa kiti hicho, uliokuwa ufanyike mwaka huohuo, ukafutwa, na gavana Brian Kemp akapata nafasi ya kuteua. Waliokuwa wamejiandaa kugombea walikwenda mahakamani, wakashindwa.

Wanaomtetea gavana wana hoja nzito, na nzito kuliko zote ni fedha. Jaji anayegombea lazima afanye kampeni, na kampeni zina gharama. Uchaguzi wa kiti kimoja tu cha Mahakama ya Juu ya Wisconsin mwaka 2025 ulimeza zaidi ya dola milioni 100. Nani atatoa fedha hizo kama si watu wenye maslahi mahakamani? Huko West Virginia, kampuni ya makaa ya mawe ya Massey iliamriwa na mahakama kulipa dola milioni 50. Wakati rufaa ikisubiriwa, mkuu wake, Don Blankenship, alimwaga takriban dola milioni 3 kumsaidia wakili Brent Benjamin kushinda ujaji mwaka 2004. Benjamin akashinda, akaombwa ajitoe kwenye kesi hiyo, akakataa, na kura yake ikawa miongoni mwa tatu zilizoifutia kampuni deni dhidi ya mbili. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuja kusema mwaka 2009 kwamba alipaswa kukaa pembeni, nayo ilisema hivyo kwa kura 5 dhidi ya 4. Majaji wanne wakubwa wa nchi hawakuona kwamba katiba ilimlazimu kujitoa.

Mbele ya kisa kama hicho, gavana anaonekana nafuu kubwa. Anawajibika kwa umma, ana ofisi ya kuchunguza wasifu wa waombaji, na akiteua mtu wa hovyo jina linalochafuka ni lake. Wananchi wengi hawawajui majaji wanaowapigia kura. Huangalia chama, au jina lililozoeleka masikioni.

Lakini gavana huyohuyo ana marafiki, ana wafadhili, na ana mawakili waliomsimamia kesi za uchaguzi. Ndiyo maana Missouri ilitangulia kumfunga mikono. Kansas City ya miaka ya 1930 ilikuwa mikononi mwa Tom Pendergast, bosi wa siasa ambaye hakuwa gavana wala meya lakini aliamua nani apate cheo gani, majaji wakiwemo. Mwaka 1940 wapiga kura walipitisha utaratibu ambao majimbo mengi yameuiga. Tume ya watu saba, yaani mawakili watatu waliochaguliwa na mawakili wenzao, raia watatu walioteuliwa na gavana, na jaji mmoja wa Mahakama ya Juu, hupokea maombi na kupeleka majina matatu. Gavana huchagua moja. Jaji akishakaa angalau mwaka mmoja, wananchi huulizwa ndiyo au hapana: abaki au aondoke? Hana mpinzani, kwa hiyo kwa kawaida hana kampeni.

Upande wa pili, wa wanaoipinga tume, nao hausikilizwi vya kutosha, na nadhani unastahili. Wanasema siasa haikuondoka, ilihamia tu kwenye chama cha mawakili. Katika tume ya Kansas watu watano kati ya tisa wamechaguliwa na mawakili. Kwa nini watu wa taaluma moja, tena wenye maslahi ya moja kwa moja katika nani atakaa juu ya kiti, wawe na sauti kubwa kuliko wakulima na walimu wa jimbo zima? Hoja hiyo siwezi kuipuuza. Wakili anayempitisha jaji leo atasimama mbele yake kesho.

Tatizo ni dawa wanayopendekeza. Mwaka 2013 Kansas iliiondoa tume katika uteuzi wa Mahakama ya Rufaa, ikamwachia gavana ateue na seneti iidhinishe. Gavana Sam Brownback alipopata kiti cha kwanza chini ya utaratibu huo, alimpa Caleb Stegall, mwanasheria mkuu wa ofisi yake mwenyewe, na majina ya walioomba hayakutangazwa. Stegall alikuwa na sifa, tena mwaka uliofuata alipita kwenye tume akaingia Mahakama ya Juu. Ila raia atajuaje kwamba mwenye sifa amemshinda nani, ikiwa walioshindana naye ni siri? Mwaka 2025 wabunge wa jimbo hilo wakaja na swali jingine kabisa, kama majaji wa Mahakama ya Juu wachaguliwe na wananchi, na kura ya kuliamua ikapangwa Agosti 2026.

Wajanja zaidi hawaivunji tume, wanaibadilisha wajumbe. Florida ilikuwa na tume zenye mgawanyo: theluthi moja wa gavana, theluthi ya chama cha mawakili, na theluthi ya mwisho ikichaguliwa na hao wengine. Sheria ya mwaka 2001, enzi za Jeb Bush, ilimpa gavana uteuzi wa wajumbe wote tisa. Mawakili hubaki kupendekeza majina ya nafasi nne, na gavana anaweza kuyakataa akadai mengine. Iowa ilifuata mwaka 2019. Tume yake ya ngazi ya juu ilikuwa na watu wanane wa gavana, wanane wa mawakili, na jaji mwandamizi kama mwenyekiti. Kiti cha jaji kikachukuliwa na gavana, hesabu ikawa 9 kwa 8. Ukisoma katiba za majimbo hayo mawili utaambiwa kuna tume huru. Ni sawa na mchezaji anayemteua refa, halafu anajisifu kwamba hajawahi kubishana naye.

Hata hivyo, aliyeteuliwa si lazima awe mtumwa wa aliyemteua, na Florida hiyohiyo inathibitisha. Januari 2019 majaji watatu wa Mahakama ya Juu walitakiwa kuondoka, kwa sababu ya umri wa kustaafu, siku ileile ambayo gavana mpya anaapishwa. Gavana aliyekuwa anaondoka, Rick Scott, alitaka kuwateua warithi wao. Oktoba 2018 mahakama ikasema haki hiyo ni ya anayeingia. Wiki chache baadaye Ron DeSantis akashinda kwa tofauti ya kura 32,000 hivi kati ya zaidi ya milioni 8, na mara tu alipoapishwa akawa na viti vitatu kati ya saba vya kujaza. Watu wengi walidhani mchezo umekwisha. Mwaka 2020 DeSantis akamteua Renatha Francis, jaji mzaliwa wa Jamaika, ambaye alikuwa bado miezi kadhaa kutimiza miaka 10 ya uwakili inayodaiwa na katiba ya jimbo. Mbunge mmoja wa Democratic, Geraldine Thompson, akashtaki. Mahakama ikamwambia gavana amevuka mamlaka yake, na aliyeandika hukumu ni Carlos Muñiz, mmoja wa majaji watatu walioteuliwa na DeSantis mwenyewe. Francis alikuja kuteuliwa tena mwaka 2022, sifa zikiwa zimetimia.

Kizuizi kingine ni seneti. Desemba 2022 gavana wa New York, Kathy Hochul, alimteua Hector LaSalle kuongoza Mahakama ya Rufaa, ambayo kwa jimbo hilo ndiyo ya juu kabisa. Jina lilitoka kwenye orodha ya tume ya watu 12, na seneti ilikuwa na wingi mkubwa wa chama chake. Vyama vya wafanyakazi na maseneta wa mrengo wa kushoto wakampinga kwa sababu ya hukumu zake za nyuma, na Februari 2023 seneti ikamkataa kwa kura 39 dhidi ya 20. Aliyepita baadaye ni Rowan Wilson. Waliochukizwa walisema jaji amesulubiwa kwa hukumu chache zilizochambuliwa vibaya. Inawezekana. Lakini mambo yalifanyika hadharani, kila seneta akapiga kura yake, na hilo ni afadhali kuliko Kansas ya mwaka 1957.

Kuhusu kura ya ndiyo au hapana, nina mashaka nayo zaidi ya wengi. Majaji wengi huvuka bila jasho, ila pale inapouma, huuma kwa sababu ya hukumu moja au aina moja ya hukumu. California ilimwondoa Jaji Mkuu Rose Bird na wenzake wawili mwaka 1986, hasira kubwa ikiwa ni adhabu za kifo zilizokuwa zikitenguliwa. Iowa iliwaondoa watatu mwaka 2010 baada ya mahakama, kwa kauli moja, kuruhusu ndoa za jinsia moja mwaka 2009. Mmoja wao, Jaji Mkuu Marsha Ternus, alikuwa ameteuliwa na gavana wa Republican. Tena kufukuza jaji kunampa gavana aliyeko madarakani viti vya kujaza. Hivyo ndivyo George Deukmejian, aliyempigia Bird kampeni ya kumwondoa, alivyopata nafasi tatu kwa mkupuo.

Kama ningeulizwa, ningechagua tume isiyo na upande wenye wingi wa moja kwa moja, majina ya waombaji wote yakatangazwa, kisha jaji akae hadi umri wa kustaafu kama Massachusetts, ambako huondoka akifikisha miaka 70. New Jersey jaji hupewa miaka saba, halafu anahitaji gavana amteue upya. Mwaka 2010 Chris Christie alikataa kumrudisha John Wallace, jambo ambalo hakuna gavana aliyelifanya kwa jaji wa mahakama hiyo tangu katiba ya 1947. Jaji anayejua barua yake ya pili iko mezani kwa mtu fulani atasoma jalada la mtu huyo kwa jicho gani?

Linabaki suala la saa, na hapa Afrika Mashariki tunalijua vizuri. Mwaka 2019 Tume ya Utumishi wa Mahakama ya Kenya ilipeleka majina 41 kwa Rais Uhuru Kenyatta. Kule tume hupeleka jina moja kwa kila kiti, kwa hiyo Rais hana la kuchagua. Akakaa nayo. Mahakama ikasema analazimika kuteua, bado akakaa. Juni 2021 akateua 34, sita akawaacha (mmoja alikuwa amefariki), na hao sita waliapishwa Septemba 2022 baada ya William Ruto kuingia. Florida nayo ina siku 60 katika katiba yake, na katika suala la Francis DeSantis alizipitisha kwa kusingizia shughuli za korona. Hakuna kilichomkuta mpaka alipopelekwa mahakamani. Katiba ya Missouri ina siku 60 zilezile, ila imeongeza sharti moja: gavana asipochagua ndani ya muda huo, tume yenyewe itateua mmoja kati ya wale watatu.